Rashasha ya Mpingo

Nimechonga vitu vingi maishani mwangu: vinyago vya wageni, fimbo za wazee, meza za kuhubiria, na mchi wa mama mkwe ambao alisema ni mfupi na mpaka leo anasema. Lakini ni kitu kimoja tu katika hivyo kilichokaribia kuua mtu, na hakikuwa hata na tundu la kupitisha risasi.

Mimi ni fundi wa vielelezo. Wengi hawaijui kazi hii, basi niieleze upesi. Katika karakana iliyoniajiri, mbali na kwetu, wahandisi huchora silaha kwenye kompyuta. Wanaigeuza huku na huku kwenye kioo, wanakubaliana kwamba ni nyepesi, wanakwenda kunywa chai. Ila askari wa miguu habebi mchoro. Kabla chuma hakijakatwa, lazima pawe na kitu cha mbao chenye umbo lile lile na uzito ule ule, ili mtu akitie begani, apande nacho mlima, alale nacho kifudifudi, halafu aseme kinamchoma wapi. Kitu hicho ndicho ninachotengeneza.

Safari hiyo walikuwa wanatafuta rashasha mpya. Si bunduki ya mtu mmoja. Ni ile inayohudumiwa na watu watatu: wa kwanza anabeba bunduki yenyewe, wa pili anabeba miguu yake mitatu ya chuma, na wa tatu anabeba risasi na kulaani siku aliyoandikishwa. Mhandisi aliyesimamia kazi, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu, alitaka watu wawili waimudu yote, na mmoja wao aweze kuinuka na bunduki pamoja na miguu yake imekunjwa, akaondoka nayo. Alikuwa na msemo wake kwamba kilo ni zile zile, tofauti ni mahali zinapokaa mwilini. Nilimpenda kwa neno hilo. Mtu yeyote aliyekua Newala enzi za kupandisha maji kutoka bondeni anajua kwamba ndoo iliyokaa vizuri kichwani na ndoo iliyokaa vibaya ni ndoo mbili tofauti.

Alinipa maagizo mawili. La kwanza, uzito ukae pale pale ulipochorwa. La pili, kielelezo chote kipakwe rangi ya njano, toka mdomo mpaka kitako, asije mtu akakidhania ni bunduki ya kweli. Agizo la kwanza nililitii kwa moyo wangu wote.

Askari wa kukijaribu walikuwa wapelekwe Newala, kwa ajili ya miteremko na mchanga wake, kwa hiyo niliomba nikakichonge huku kwetu kusini, Masasi, nikakubaliwa, nikapewa na barua inayoeleza kazi yenyewe. Sababu niliyoitoa ilikuwa ukaribu. Sababu ya kweli ilikuwa gogo la mpingo alilotuachia mjomba wangu marehemu, kavu, la halali, lenye mhuri wa maliasili kichwani, ambalo nilikuwa nalimezea mate tangu ujana. Mti mwingine ungekuwa mwepesi mno. Ningelazimika kuutoboa na kumimina ndani madini ya risasi yaliyoyeyushwa, na hapo uzito ungekaa inapotaka risasi, si anapotaka mhandisi. Mpingo ni mzito wenyewe. Niliuchonga, nikaupunguza hapa na pale, nikaupima, na mara ya tatu mizani ilikubali. Nakiri nilicheza kidogo, peke yangu, na msasa mkononi.

Ikabaki rangi. Sasa hapa lazima nieleweke. Mpingo haupakwi rangi. Wanaopaka ni wale wanaochonga mti wa ovyo kisha wakausugua kiwi cha viatu ili wamdanganye mgeni. Mimi nimelelewa na wajomba Wamakonde wa Newala, wachongaji wote, na katika ua ule mtu aliyekutwa na kiwi mkono huu na kinyago mkono huu alitukanwa wiki nzima, na wageni waliokuja kusalimia walielezwa sababu. Nilinunua ile rangi ya njano. Niliiweka dirishani, nikaitazama siku tatu. Siku ya nne nikachukua nta.

Ilipong'aa, hata mimi niliogopa kidogo. Nilikuwa nimeiwekea kila kitu, hadi skrubu ambazo hazikufungua chochote na kifuniko ambacho hakikufunika kitu. Hakuna aliyeniagiza hayo. Ni kiburi tu cha fundi.

Nilikuwa nimefikia Lisekese kwa dada yangu mdogo. Mume wake, shemeji yangu, ni Mmakua wa hapo hapo Masasi, mtani wangu kwa hiyo, na matusi yetu ya asubuhi yalikuwa sehemu ya kifungua kinywa. Alikuwa askari kwa miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo alikuwa namba mbili kwenye rashasha ya zamani. Namba mbili ndiye mbeba miguu. Ilimpa pensheni, ikamchukulia mgongo. Mwaka ule alikuwa amelazwa hospitali ya Ndanda majuma kadhaa, akaruhusiwa akiwa anatembea wima, na daktari akamwambia waziwazi kwamba kuanzia siku hiyo mzigo wake mkubwa ni ndoo ndogo ya maji, tena isijae. Akianguka tena, huenda asiinuke.

Nilimhitaji. Nilitaka mtu aliyewahi kuteseka na kitu kile aniambie kasoro kabla sijaaibika mbele ya askari vijana. Nilimwomba dada yangu ruhusa kwa maneno matamu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anabangua korosho.

"Kaka, nakuazima mume wangu," akasema. "Namtaka arudi kwa miguu yake."

Niliahidi. Tulipatana wote watatu: ataitia begani, atatembea hatua ishirini mahali pa tambarare, ataishusha, basi. Shemeji aliitikia haraka mno, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Tuliifunga kwa gunia, tukachukua bodaboda mbili mpaka shamba la mikorosho alilolinunua majuzi upande wa Chiwata, ambako bado hakuna aliyemjua, chini ya mteremko unaopanda kwenda uwandani. Ilikuwa asubuhi ya msimu, korosho zimeanguka, watu wako mashambani. Alifungua gunia. Aliizunguka. Akapitisha kidole kwenye mtutu, kisha akanitazama bila kunitukana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu amwoe dada yangu. Akaitia begani.

Mtu huyu nilizoea kumwona akienda kwa kukokota. Hatua ya kumi alikuwa amenyooka. Hatua ya ishirini hakusimama. Alizunguka mkorosho, akarudi, akalala kifudifudi, akakunjua ile miguu mitatu kwa mikono iliyojua njia yake, akaweka shavu kwenye kitako. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kisiki na daftari, naandika, roho kwatu.

Wakati huo ndipo walipopita kina mama wawili na ndoo za korosho kichwani. Walituona. Niliwasalimia, hawakuitikia. Walitua ndoo zao chini taratibu, bila kumwaga hata korosho moja, wakarudi kinyumenyume mpaka njia ilipopinda. Nikacheka. Naandika hivi ili anayesoma ajue mtu mwenyewe nilikuwaje: nilicheka, nikaandika kwenye daftari kwamba kinafanana.

Miaka hii ya karibuni, kwa habari za mauaji ya wenye bunduki zinazosikika kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, watu wa huku wamechoka kwa wasiwasi. Mgeni akionekana porini anaulizwa. Wageni wawili na rashasha wakionekana kwenye mikorosho, hawaulizwi. Kila mtu kwetu anajua hivyo, na mimi nilijua pia. Ila akilini mwangu kile kilikuwa kinyago.

Shemeji alisema anapanda kidogo, hatua chache tu, aone inavyokaa mlimani. Nilimwambia hapana. Alikuwa ameshapanda. Nilikuwa bado naubishia mgongo wake unaotokomea vichakani niliposikia filimbi nyuma yangu, ya mgambo, halafu nyingine, halafu sauti za watu wengi wanaokuja bila kuongea.

Walinifikia mimi kwanza. Mapanga, marungu, shoka moja. Nilitoa barua haraka, nikajiona mjanja. Mgambo aliipokea, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye neno silaha. Hapo akaacha kusoma. Aliwageukia wenzake akawaambia imeandikwa kabisa. Nilipiga kelele kwamba ni mti, ni mti mtupu, lakini kila mwizi husema neno la kujitetea, na la kwangu lilikuwa la kijinga kuliko mengi. Vijana wawili wakanishika mkanda wa suruali, mmoja kila upande. Waliobaki walipandisha mlima.

Na juu yetu, kwenye ile njia nyembamba ya mawe, nilimwona shemeji yangu anakimbia.

Aliyekatazwa ndoo iliyojaa alikuwa anakimbia kupanda mlima na rashasha ya mpingo begani, miguu imekunjwa, mkono mmoja kwenye mtutu. Nilimwita. Nilimwambia aitupe. Nilirudia hadi sauti ikakatika, kwa sababu kila mtu pale aliona jambo moja: akiitupa, atakuwa mtu tu anayekimbia, na mtu tu hukamatwa. Akiendelea kuishika, ataingia kijiji cha juu akiwa na bunduki, na huko wameshasikia filimbi. Hakuitupa. Aliiweka vizuri begani, akaongeza mwendo.

Nilipandishwa mlima ule kwa mkanda. Sijui ulichukua muda gani. Nakumbuka nilikuwa nahesabu watoto wake, wanne, nikifika wa nne naanza tena wa kwanza, na katikati namwona dada yangu anabangua korosho. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimemchongea shemeji yangu kifo chake kwa mikono yangu na kukisugua nta.

Tulipotokea juu, walikuwa wamemzunguka kwenye uwanja wa nyumba moja kando ya shamba la mihogo. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu. Rashasha ilikuwa mbele yake, imesimamishwa vyema kwenye miguu yake mitatu, mdomo umeelekezwa bondeni ambako hapakuwa na mtu. Hata katika hali ile alikuwa ameangalia asimwelekezee mtu. Nyuma yake alisimama kijana mmoja ameinua panga, anawauliza wenzake kama apige.

Mwenye nyumba alitoka uani na tezo mkononi, shati limejaa vumbi la mti. Alikuwa mchongaji. Alimwambia yule kijana asubiri, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi. Akaisogelea rashasha kutoka ubavuni, akachuchumaa mbali nayo kidogo, akainamisha kichwa. Alitazama ndani ya mguu mmoja wa nyuma. Pale nilikuwa nimeacha ukanda mwembamba wa ile mbao nyeupe ya nje ya mpingo, kwa sababu gogo lilikuwa limeniishia. Ilikuwa kasoro, na nilikuwa nimeigeuzia ndani isionekane.

Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Akagonga kwa kifundo. Akakwaruza kwa ncha ya tezo, akanusa ule unga mweusi. Mwishowe akatia kidole cha shahada kwenye mdomo wa mtutu, kikaishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Mpingo," akasema. Hakuna aliyesogea. "Nawaambia mpingo. Mnataka kumkata mtu kwa ajili ya kinyago."

Panga halikushuka mara moja. Lilishuka polepole, na aliyelishika akakaa chini pale pale, akashika kichwa. Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, na baadaye uwanja mzima ulikuwa unacheka kile kicheko cha watu walionusurika kufanya jambo ambalo wasingelilala nalo. Vijana wangu wawili waliniachia mkanda, na kumbe wao ndio walikuwa wananisimamisha. Nilianguka. Nililia mbele za watu, sikuona haya, na mmoja wa wale kina mama wa ndoo, ambaye alikuwa amewafuata, alinifuta uso kwa ncha ya kanga akiniambia pole, pole baba.

Shemeji alikuwa bado amepiga magoti. Nilidhani ni mgongo. Nilitambaa mpaka pale, nikamuuliza kama miguu anaisikia. Aliisikia yote. Aliinuka kwa kunishika bega, akatembea hatua mbili, tatu, akageuka. Alikuwa mzima. Sijui neno la kueleza nilivyojisikia. Ilikuwa raha tupu, hadi nikawa nawapa mkono watu waliotaka kutuua, mmoja mmoja, nikiwaamkia hata niliowazidi umri.

Mwenyekiti wa kijiji alifika, akaisoma barua yote safari hii, akapiga simu ya mhandisi iliyoandikwa chini. Hakuweka sauti ya nje, lakini tulimsikia yule mama vizuri sana. Aliuliza swali moja kuhusu njano. Mwenyekiti akanitazama, nikatazama mihogo.

Mchongaji naye hakuwa amemalizana nami. Alitaka kujua gogo lina kibali, nikamweleza habari ya mhuri, akaridhika. Akanionyesha kiungo cha mguu wa mbele kilivyolegea. Akauliza nimefundishwa na nani, na nilipomtajia wajomba zangu alitikisa kichwa, akasema waliwahi kuwa mafundi wazuri, na kwamba inasikitisha. Mzee mmoja wa Kimakua akatamka kwamba leo ameona makubwa, Mmakua kubeba mti wa Mmakonde mlima mzima bila kulipwa. Kila mtu akaongezea la kwake. Tulipewa uji na mihogo ya kuchoma. Wakati tunaaga, mchongaji alinisindikiza mpaka njiani, akaacha mzaha.

"Ipake rangi, ndugu yangu," akasema. "Mti utakusamehe."

Niliipaka kesho yake, mikono miwili ya rangi. Na wiki iliyofuata askari vijana waliibeba Newala, wawili wawili, wakapanda na kushuka, wakalalamika kuhusu kitako na si kuhusu uzito, na mhandisi alifurahi. Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba mtu mmoja mwenye mgongo mbovu amekimbia nayo mlimani. Alinirudishia swali: kwa umbali gani, na akikimbizwa na nini? Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile bado nilikuwa na dada yangu wa kumkabili.

Habari zilikuwa zimetutangulia kwake kwa simu. Alikuwa amesimama uani, mikono mitupu, hafanyi kazi yoyote, na sijawahi kumwona hivyo. Hakutuangalia nyuso. Aliangalia miguu ya mume wake kutoka kwenye bodaboda mpaka mlangoni, hatua zote. Mumewe alipofika, akamgeuza, akampandisha shati, akapitisha kiganja mgongoni toka juu mpaka chini. Kisha akamwekea kiti. Nilimwamkia dada yangu mdogo shikamoo, kwa kuchanganyikiwa tu. Akaitikia marahaba bila kutabasamu.

Hapo hofu yangu ikageuka hasira, kama kawaida yangu. Nilimgeukia shemeji nikamuuliza kwa nini hakuitupa. Nilimwita kila mara. Aliniona. Alijua ni nini alichobeba, alinikuta naichonga, alinicheka nikiipiga msasa. Angeitupa tu kwenye majani, jambo lingekwisha chini ya mlima. Amewakosea watoto wake kwa gogo la mjomba wangu.

Aliniacha nimalize. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Sikukumbuka kama ni mti," akasema. "Nilisikia filimbi, na uzito uko palepale. Nikajua namba moja yuko mbele ananisubiri, na nisipomfikishia miguu ya bunduki hana kitu."

Alisema kwa aibu, polepole. Hakuna fundi aliyewahi kusifiwa vile, na sitaki kusifiwa vile tena. Miaka mingapi alikuwa nyumbani, baba wa watoto wanne, anamwagilia mchicha, na kitu changu kilimrudisha kule kwa hatua ishirini.

Dada yangu alisogea pale nilipoegemeza lile gunia ukutani. Alilifungua mdomo, akatazama ndani, kisha akalifunga tena na kulikaza kamba.

"Kaka, kazi yako ni nzuri mno," akasema. "Usituletee tena."

Nilimwitikia. Kisha nikapiga magoti kumvua shemeji viatu, kwa kuwa kuinama kulikuwa kumemshinda, na alianza kunitukana kwamba Mmakonde hajui hata kufungua kamba.